Bila kofia, bila betri

Mwendesha pikipiki ya umeme anaweza kumkwepa trafiki, akamkwepa askari wa kaunti, akamkwepa hata mwenyekiti wa steji. Mwenye betri, huyo hawezi kumkwepa. Kaunti, wizara na polisi wamebishana miaka nenda miaka rudi kuhusu namna ya kuwatia adabu bodaboda, na kumbe jibu liko pale pembeni mwa kituo cha mafuta, ndani ya kabati lililochomekwa kwenye umeme.

Bodaboda wa petroli hujaza tangi Kasarani asubuhi, jioni akaongeza ya mia mbili Rongai, na hakuna anayemjua kokote alikopita. Wa umeme hana uhuru huo. Akifanya kazi ya kutwa jijini Nairobi, kilomita 100 ni jambo la kawaida kwake, na betri moja haimfikishi huko. Lazima arudi kubadilisha. Siku ya abiria wengi hurudi mara mbili au zaidi, tena kwa kampuni ile ile, kwa sababu betri ya kampuni nyingine haiingii kwenye pikipiki yake.

Simama kando ya kituo chochote cha kubadilishia betri utazame kinachofanyika. Mwendeshaji anaingia, anafungua kiti, anachomoa betri nzito kwa mikono miwili na kuisukuma ndani ya kabati. Kioo kinawaka, kinamtambua, kinampa hesabu yake. Mlango mwingine unafunguka, anatoa iliyojaa, anaipachika, anafunga kiti. Dakika chache tu, ameondoka. Muda wote huo kofia yake ilikuwa imening'inia kwenye kiwiko. Kofia ya abiria haikuwepo kabisa. Kijana wa kampuni alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo na hakuuliza kitu.

Angekuwa na deni, angeulizwa. Nyingi ya pikipiki hizi huuzwa kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo kila siku. Asiyelipa hapewi betri, na zipo kampuni zinazoweza kuizima pikipiki kwa mtandao, mwenyewe asubuhi akute haiwaki. Hakuna msako, hakuna kesi mahakamani, hakuna kikao cha wadau hotelini Naivasha. Deni la siku mbili linatosha kumsimamisha mtu kazi. Kichwa kisicho na kofia hakitoshi.

Tunachopendekeza hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Kila kaunti iandike sharti kwenye kibali cha biashara cha kituo cha kubadilishia betri: pikipiki isiyo na namba ya usajili, bima na kofia mbili haipewi betri, mwendeshaji asiye na leseni ya kuendesha pikipiki hapewi betri. Kampuni itakayovunja sharti hilo inapoteza kibali cha kituo hicho. Basi.

Tunajua jawabu la kwanza litakalotoka kwenye ofisi za kaunti: hayo ni ya polisi na ya mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, sisi hayatuhusu. Tusidanganyane. Kweli, leseni ya udereva na usajili wa pikipiki ni kazi ya serikali kuu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti trafiki na maegesho, uchukuzi wa umma barabarani, leseni za biashara, na huduma za zimamoto. Hayo manne yote yanakutana kwenye kituo kimoja cha betri. Gavana anayesema hana mamlaka ya kuweka sharti pale, mbona ada ya kibali hukumbuka kuidai?

Wala hatuombi sheria mpya ya barabarani. Sheria ya Trafiki tayari inamtaka mwendeshaji na abiria wavae kofia ngumu na koti linaloakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Haikusema kama injini inanguruma au iko kimya. Tatizo letu halijawahi kuwa upungufu wa sheria. Ni kwamba tumeichagulia sheria mahali pabaya pa kuisimamia, katikati ya barabara, kwenye msongamano, kati ya askari mwenye njaa na kijana mwenye haraka. Sote tunajua mkutano huo huishia wapi. Noti inapita mkononi, pikipiki inaendelea na safari, na kofia inabaki kwenye kiwiko.

Mfugaji hawakimbizi mbuzi malishoni kutwa nzima ili awahesabu. Huwahesabu jioni mlangoni mwa zizi, wakiingia mmoja mmoja. Sisi tuna zizi, tuna mlango, na bado tunakimbia porini.

Tumekimbia sana. Machi 2022, baada ya kundi la bodaboda kumvamia mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye gari lake katika Barabara ya Profesa Wangari Maathai, nchi nzima ilikasirika, na kwa haki. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliamuru msako na usajili upya wa waendeshaji wote. Pikipiki zilikamatwa kwa mamia, zikarundikwa kwenye vituo vya polisi. Siku chache baadaye msako ukasitishwa. Amri ya kuwaondoa bodaboda katikati ya jiji la Nairobi nayo imetolewa zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja wamerudi. Nguvu ya soda, kila mara.

Na kila mara funzo lilikuwa lile lile. Msako humuumiza mwenye leseni sawa na asiye nayo, kwa sababu lori la polisi halina muda wa kutofautisha. Kijana aliyefuata sheria akinyang'anywa pikipiki pamoja na aliyeivunja, kesho anajiuliza aliifuata kwa faida gani. Sharti la kituoni halina shida hiyo. Mwenye vitu vyake kamili hubadilisha betri akaenda zake, hata hajui kwamba ameshakaguliwa. Asiye navyo ndiye anayebaki.

Wakati sisi tunasaka na kusitisha, watu wanakufa. Katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Wanaoongoza ni wanaotembea kwa miguu. Wanaofuata ni waendesha pikipiki pamoja na abiria wao. Pikipiki ya umeme haikuja kuongeza hatari mpya kabisa. Imekuja kurithi ile ya zamani, na kuongeza mambo mawili yake yenyewe: ukimya na betri. Tutayafikia.

Kwanza kofia. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa katika hospitali yoyote ya kaunti inayoweza kufanya hivyo kwa bei hiyo. Muuguzi yeyote wa wodi ya majeruhi atakwambia hayo bila kusoma utafiti.

Mwendeshaji, akikaziwa, atavaa. Kazi kubwa ni kofia ya abiria, na hapa visingizio ni vingi kuliko kofia. Inanuka jasho. Imevaliwa na watu ishirini leo. Nimetoka saluni sasa hivi. Haiingii juu ya hijabu. Naenda hapo tu. Baadhi ya malalamiko haya ni ya haki. Kofia iliyolala juu ya pikipiki tangu Jumatatu, ikalowa mvua na kukaushwa na jua, haivutii. Lakini tiba yake ni kitambaa chepesi cha kuvaa ndani na kofia inayosafishwa, wala si kusafiri kichwa wazi. Kampuni inayoweza kupeleka betri iliyojaa kila pembe ya mji inaweza kuweka pale kituoni ndoo ya maji, sabuni na bunda la vitambaa. Mwendeshaji akisubiri kabati lifunguke, apanguse kofia.

Bei nayo isiwe kisingizio. Mkopo wa pikipiki tayari umebeba pikipiki yenyewe, bima, na mara nyingine simu. Kofia mbili nzuri zenye alama ya ubora zikiingizwa humo, nyongeza kwa siku haizidi bei ya kikombe cha chai kibandani. Kwa nini haziingizwi? Kwa sababu hakuna aliyelazimisha. Kampuni hizi zimepewa nafuu ya kodi. Mwaka 2023 zilipewa hata bei yao maalumu ya umeme, shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake usiku umeme unapokuwa hauna wateja. Bei hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ni uamuzi wa umma, kwa faida ya umma. Umma una haki ya kudai kofia mbili.

Wapo watakaosema wazo hili limejaribiwa kwingine. Ndiyo, na tujifunze humo. Polisi wa Kolkata, India, walianza mwaka 2016 kuwakatalia petroli waendesha pikipiki wasiovaa kofia. Dhaka nchini Bangladesh ikafuata mwaka 2018, na jimbo la Uttar Pradesh likaanza lake mwaka 2025. Wajanja wakagundua dawa haraka: unaazima kofia ya jirani aliye mbele yako kwenye foleni, unajaza mafuta, unamrudishia. Wahudumu wa pampu waliokataa kuuza walitukanwa, wengine wakapigwa.

Udhaifu huo upo, lakini hapa kwetu mlango ni imara zaidi. Mhudumu wa pampu huuza mafuta kwa mtu asiyemjua, kwa pesa taslimu, na akimkatalia, pampu nyingine iko ng'ambo ya barabara. Kituo cha betri kinamjua mteja wake kwa jina, kwa simu na kwa namba ya pikipiki. Mteja huyo hana pa kwenda kwingine. Tena anayekataa kutoa betri si kijana wa watu anayeweza kupigwa kofi, ni kabati. Kofia ya kuazima itapita leo, lakini kuazima kila unapobadilisha, kila siku ya Mungu, ni kazi kubwa kuliko kununua. Na leseni na bima haziazimwi. Zina tarehe, na kompyuta inayokumbuka tarehe ya malipo inaweza kukumbuka na hizo.

Wa pili watakuja na hoja ya haki: mbona mnawaandama wa umeme peke yao, na wa petroli ndio wengi? Swali zuri. Kwa sababu kwa hawa mlango upo, kwa wale haupo. Ukiweza kuokoa watu upande mmoja leo, husubiri mpaka uweze pande zote. Isitoshe, hesabu zinageuka. Mjini Kigali, tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria husajiliwa tu ikiwa ya umeme. Sisi hatujafika huko, lakini kila mwenye macho anaona barabara za Nairobi na Mombasa zinavyobadilika. Ni rahisi kuweka utaratibu pikipiki hizi zikiwa bado chache kuliko kuja kuhangaika zikiwa zimejaa. Tuliwaacha bodaboda wa petroli wakue bila utaratibu, na faida yake tumeiona.

Na kwa kuwa tumeitaja Kigali: huko abiria wa pikipiki huvaa kofia. Si kwamba Wanyarwanda wana vichwa laini kuliko vyetu. Dereva hukupa kofia kabla hujakaa, na haondoki hujaivaa. Ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa kurudia jambo moja kila siku, kitu ambacho msako hauwezi kukifanya hata ukiwa na malori kumi.

Watatu ni wenye kampuni. Watasema, tukimnyima betri mteja wetu, pikipiki yake ijayo atanunua kwa mshindani. Ndiyo maana sharti liwe la kaunti, liwafunge wote sawasawa, na siyo ombi la hiari kwa kampuni yenye moyo mwema. Na kwa kuwa mwendeshaji wa Nairobi analala Ruiru, anabeba mzigo Mlolongo na kumpeleka abiria Kitengela, sharti la kaunti moja halitoshi. Mamlaka ya Uchukuzi ya Eneo la Jiji la Nairobi, NaMATA, iliundwa mwaka 2017 kwa ajili ya kaunti tano zinazopakana: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Kama mamlaka hiyo inatafuta kazi ambayo mwananchi ataiona, kazi ni hii: karatasi moja, masharti yale yale, kaunti tano.

Wanne watauliza kuhusu faragha. Kampuni tayari inajua mwendeshaji alipo, alipopita na kasi aliyokwenda nayo. Hatutaki habari hizo ziende kwa polisi wala kwa kaunti. Tunajua zitakavyotumiwa uchaguzi ukikaribia. Kinachotakiwa ni jibu la ndiyo au la pale kabatini. Kaunti ije kukagua kituo, isije kumfuatilia mtu.

Sasa betri yenyewe. Hapa ndipo kaunti zimelala kabisa. Betri ya lithiamu iliyotengenezwa vizuri na kuchajiwa vizuri ni kitu salama. Ile iliyoanguka, iliyolowa, iliyofunguliwa na fundi wa mtaani ikawekwa seli za bei rahisi, au inayochajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kushika moto ghafla, na moto huo hauzimiki kwa mtungi mdogo wa unga. Huweza kuwaka tena saa kadhaa baada ya kudhaniwa umezimika.

New York walilipa gharama ya kujifunza hili. Mwaka 2023 mioto 268 iliyotokana na betri za lithiamu iliua watu 18 katika jiji hilo, mingi ikihusishwa na baiskeli na skuta za umeme zinazotumiwa na vijana wa kupeleka chakula. Jiji halikuzipiga marufuku baiskeli. Septemba mwaka huo lilianza kuzuia uuzaji wa baiskeli na betri zisizo na cheti cha usalama, likawahimiza watu wachaji nje ya nyumba. Mwaka uliofuata mioto ilikuwa 277, karibu ile ile, lakini vifo vilishuka hadi sita. Maana yake iko wazi: betri mbovu zilikuwa bado mitaani, ila watu wachache zaidi walikuwa wamelala kando yake.

Tufikirie ploti ya Pipeline au Mathare, ghorofa saba, ngazi moja, taa ya ngazi imekufa tangu mwaka jana. Mpangaji wa chumba cha chini anachaji betri yake usiku, mlangoni, kwa waya mrefu uliounganishwa na soketi ya jirani. Moto ukianzia hapo, ngazi ndiyo inayojaa moshi kwanza, na ngazi ndiyo njia pekee ya kutokea. Gari la zimamoto litakuja, kama lina maji, na kama njia haijazibwa na vibanda. Hatuhitaji kusubiri hilo litokee ndipo waziri aje kupiga picha.

Kwa hiyo kibali hicho hicho cha kituo kiwe na ukaguzi wa zimamoto wa kweli, wala si muhuri wa kununua. Kabati lisiwe chini ya ngazi za nyumba ya watu. Liwe na hewa, liwe mbali na tangi za gesi na mafuta, na pawe na mahali pa nje pa kuweka betri iliyopasuka au iliyovimba. Mfanyakazi ajue wapi pa kuzimia umeme na nani wa kumpigia. Na kila betri inayorudi imegongwa itolewe kazini. Mwendeshaji asikatwe pesa kwa kuisema, maana akijua atakatwa ataificha.

Wanaochaji nyumbani, kwa pikipiki ambazo betri yake inachomoka na kuchajiwa kwenye soketi ya kawaida, sharti la kituo haliwagusi. Ni kweli, na hatudai kuwa tiba hii inatibu kila kitu. Kwa hao wenye nyumba waweke sehemu ya kuchajia uani, yenye paa na waya unaostahili, na walipishe umeme wake. Itawapa pesa kidogo na usingizi mwingi. Kaunti iwahimize kwa kupunguza ada pale inapoweza, na iwakemee pale ngazi inapogeuzwa karakana.

Tulisema tutafika kwenye ukimya. Bodaboda wa petroli unamsikia kabla hujamwona. Ni kero, lakini ni onyo. Wa umeme anapita nyuma yako kwenye njia ya miguu na unamjua akishafika begani. Kwa asiyeona, kwa mzee anayesikia kwa shida, kwa mtoto wa shule ya msingi anayeruka ruka kando ya rafiki yake, hilo si jambo dogo. Ulaya tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme lazima litoe sauti likienda polepole. Pikipiki hazimo kwenye sharti hilo, na sisi hatuna haja ya kungoja wazungu wamalize mjadala. Jibu letu liko karibu zaidi: pikipiki itoke kwenye njia ya miguu. Iwe ya petroli, iwe ya umeme, njia ya miguu si yake.

Ila atoke aende wapi? Hapa lawama inarudi kwa kaunti. Ukimwambia mwendeshaji asiegeshe kwenye njia ya miguu huku hujampa steji, hujatunga sheria, umetunga chanzo cha hongo. Steji ni kitu rahisi: mistari ya rangi, kibao chenye jina na idadi ya pikipiki zinazoruhusiwa, mahali pa abiria kusimama, na kivuli kama bajeti inaruhusu. Rangi ya ndoo chache. Kaunti zinazopata pesa za kupaka rangi kuta za ofisi kila gavana mpya anapoingia haziwezi kutuambia hakuna rangi ya steji. Anayeegesha nje ya mistari atozwe kwa mujibu wa sheria, kwa risiti, si kwa kunyang'anywa ufunguo.

Kasi nayo tusiiache. Kikomo katika maeneo ya makazi na masoko ni kilomita 50 kwa saa, na zipo pikipiki za umeme zinazofika 80 bila taabu. Uzuri wa mashine hizi ni kwamba kasi yake huwekwa kwa programu. Matatu ilibidi tuzifungie kifaa cha kudhibiti mwendo, madereva wakakichezea. Hii, kampuni yenyewe inaweza kuiwekea kikomo bila fundi na bila spana. Kaunti ikae na kampuni na NTSA wakubaliane kikomo cha ndani ya mji, na jambo limekwisha.

Na baiskeli za umeme, zile za kanyagio zinazosaidiwa na mota ndogo? Zisichanganywe na pikipiki. Umoja wa Ulaya na Uingereza wameweka mstari unaoeleweka: mota isiyozidi wati 250, msaada unaokatika ikifika kama kilomita 25 kwa saa, na kanyagio zinazofanya kazi kweli. Inayokaa chini ya mstari huo ni baiskeli, mwenyewe asisumbuliwe na leseni wala namba. Inayouvuka ni pikipiki, na masharti yote ya pikipiki yawe juu yake, hata kama muuzaji amebandika kanyagio mbili za kudanganyia macho. Bila mstari huo, askari mmoja atamkamata kijana wa baiskeli inayokwenda mwendo wa kutembea haraka, na mwingine atamwacha anayepita kama mshale kwa kuwa amesema "hii ni baiskeli tu, afande."

Kwa waendeshaji wenyewe, neno moja la wazi. Mmekuwa mkilalamika kwamba mnaandamwa, na mara nyingi mna haki. Utaratibu huu unamwondoa anayewaandama. Ukiwa na leseni, bima na kofia mbili, umemaliza. Hakuna wa kukusimamisha kukuomba chai. Vyama vya steji ambavyo leo hupoteza siku nzima kumtoa mwanachama kituo cha polisi vitapata muda wa kusimamia akiba na mikopo, kazi ambayo viliundwa kuifanya. Na kwa abiria: usipande bila kofia halafu ulaumu serikali. Ukiikataa, dereva ana haki ya kukuacha, na sisi tutamwunga mkono.

Hakuna sababu ya kuunda kikosi kazi kwa ajili ya haya. Zimamoto wana fomu ya ukaguzi. Idara ya biashara ina fomu ya kibali. Idara ya uchukuzi ina ramani ya barabara, na idara ya ujenzi ina brashi. Bunge la kaunti linaweza kupokea maoni ya wananchi, kampuni na waendeshaji ndani ya mwezi mmoja, likapitisha kanuni ya ukurasa mmoja, na kuwapa wenye vituo miezi mitatu kujipanga.

Vibali vya biashara hulipiwa upya kila mwaka. Sharti hili liwe kwenye fomu ya mwaka ujao, limeandikwa kwa herufi zinazosomeka. Mwakilishi wadi atakayesema suala hili linahitaji muda zaidi, wananchi wa wadi yake wamuulize muda huo ni wa kufanya nini.